Korongo wa Pembe ya Chini

"Basi shika wewe! Shika, tuone!"

Ate Sepa alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba yake, sare ya hoteli bado mwilini, amemsukumia jirani yake sinia la bati la kuokea keki mpaka likamgusa kifua. Ligaya alikuwa ndiyo kwanza anashuka garini, mfuko wa mchele umemlalia mkono wa kulia kama mtoto aliyesinzia.

"Ate, niache basi niweke mchele kwanza."

"Thubutu! Mimi huwa naambiwa niweke mashuka kwanza? Shika hivyo hivyo."

Katika mtaa ule wa Daly City nyumba zimegandana ukuta kwa ukuta, mtu akipiga chafya jikoni wa nyumba ya tatu anamwambia pole. Mapazia yalikwisha kufunguka. Mzee Isko, aliyekuwa akiosha gari lake ng'ambo ya barabara, alifunga maji ili asikie vizuri. Ligaya akalipokea sinia kwa mkono wa kushoto, maana ndio uliobaki.

"Haya. Usilisogeze. Dole gumba lako liko wapi?"

Ligaya akatazama. Dole gumba lilikuwa limekandamiza pembe ya chini, kushoto.

"Na hapo hapo ndipo ulipomweka kuku wako."

"Si kuku, Ate. Ni korongo. Ni nembo ya hoteli yenu."

"Anayeniharibia kazi ni kuku!"

"Mchinje, Sepa!" Mzee Isko akapaza sauti.

"Wewe osha gari!" Ate Sepa hakumgeukia hata kidogo. Ate, kwa lugha ya kwao, maana yake dada mkubwa, na mtaa mzima ulimwita hivyo, wakiwamo waliomzidi umri. Miaka ishirini na sita alikuwa ametandika vitanda vya hoteli moja kule San Francisco, vyumba kumi na vinne kwa siku. Ilikuwa imebaki miezi kumi na minne apate pensheni yake kamili. Halafu mwezi wa nane wahudumu wote wakagawiwa vishikwambi. Ukiingia chumbani unagusa Anza, ukitoka unagusa Maliza. Lakini ukimgusa yule korongo wa dhahabu kwa bahati mbaya, skrini inakurudisha mwanzo, na chumba ulichokwisha kukisafisha kinaandikwa kimeachwa.

"Nilimfunika kwa kipande cha kadi na mpira wa kufungia," Ate Sepa alisema, na sasa alikuwa akiwahutubia majirani wote. "Nikapewa barua ya onyo: kufunika nembo ya hoteli. Nikamfunua. Nikapewa barua ya pili: kuacha vyumba. Jana wamenipa ya tatu. Jumatano naitwa kikaoni, na kikao cha barua ya tatu kila mtu anajua mwisho wake. Nikimfunika ni onyo, nikimfunua ni onyo. Nimshikeje, Ligaya? Kwa meno?"

"Si mimi niliyemweka pale. Ni bosi."

"Aa. Ni bosi." Ate Sepa akacheka bila kufurahi. "Kwenye ubatizo wa mjukuu wa Isko, mbele ya nguruwe mzima wa kuchoma, mumeo alisimama akatutangazia kwamba vishikwambi vya hoteli yetu, kila kitufe, kachora mke wake. Tukakupigia makofi. Siku ile ilikuwa kazi yako. Leo imekuwa ya bosi?"

Ligaya alikuwa amechoka, mchele ulimvuta bega, na watu walikuwa wakimtazama. Ndipo akasema neno ambalo angelipa chochote kulirudisha.

"Ate, labda watu wafundishwe namna ya kushika. Kuna video fupi, ya dakika mbili tu..."

Mzee Isko akafungulia maji tena. Hata yeye aliona aibu.

"Kushika," Ate Sepa alisema polepole. "Mimi nifundishwe kushika."

Akalichukua sinia lake, akaingia ndani. Harufu ya kuku aliyepikwa kwa siki na vitunguu saumu ilitoka mlangoni, kisha mlango ukafungwa. Miaka kumi na mmoja ya ujirani, mlango ule haukuwahi kufungwa mbele ya Ligaya bila kwanza kuulizwa: umekula?

*

"Hakutuita kula?" aliuliza Mama Pacing, mkwe wa Ligaya, kabla hata mchele haujagusa sakafu.

"Hakutuita."

Bibi kizee akaweka kijiko chini kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Rodel, mumewe, alikuwa amelala chali kwenye zulia, miguu juu ya kiti, mkao pekee ambao mgongo wake ulikuwa ukiukubali tangu boksi la ghala limwangukie. Alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. "Wewe ulichora nembo juu, si ndiyo? Mwambie hivyo. Mwonyeshe michoro."

"Nitamwonyesha."

Akafungua kompyuta ya kazini pale pale mezani, kati ya sahani. Mchoro wa kwanza ulikuwa kama alivyoukumbuka, na moyo wake ukatulia. Nembo ilikuwa juu katikati, mahali ambapo hakuna mkono unaokaa. Kitufe cha Maliza kilikuwa ubavuni, mahali ambapo dole gumba linafika likiamua, si mahali linapopumzika. Ndivyo alivyokuwa akiwafundisha vijana wapya ofisini: kwanza tafuta mikono iko wapi, halafu ndiyo uchore. Mchoro wa nne ulikuwa na maandishi mekundu ya bosi wake, Terrence: *Nembo chini kushoto. Kubwa. Wageni waione wahudumu wakipita koridoni. Maliza peleka juu kulia.*

"Ona," alisema. "Ni yeye."

Kisha, kwa mazoea tu, akaigusa ile nembo. Skrini ikarudi mwanzo.

Akarudi kwenye mchoro wa kwanza, ule wake mzuri, akagusa nembo ya juu. Ikarudi mwanzo vilevile. Hakuna aliyemwomba aweke njia ile ya kurudi mwanzo. Watu wa kazi yake huiweka bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kamba za viatu: nembo ikiguswa, impeleke mtu nyumbani. Terrence alipoihamisha nembo, njia ikahama pamoja nayo, kama kupe na mbwa wake. Na Ligaya hakuiona, kwa sababu alipofanya majaribio alikilaza kishikwambi mezani, akawaita watu wanane wa ofisini mmoja mmoja, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa, wakagusa kwa kidole kimoja kisafi. Wote walifaulu. Hakuna aliyekuwa amebeba taulo.

"Vipi?" Rodel aliuliza kutoka sakafuni.

"Nusu ni yake," Ligaya alisema. "Nusu ni yangu."

*

Jumatatu Terrence alimpokea kwa tabasamu lake la siku zote, lile la mtu anayekaribia kukupa kazi ya ziada. "Lee! Kaa." Alikuwa akimwita Lee kwa miaka sita, eti Ligaya ni jina refu.

"Ile nembo ya hoteli inafuta kazi za watu. Nataka kuirudisha juu na kuiondolea njia. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Baada ya Alhamisi. Alhamisi wenye hoteli wanasaini mkataba wa hoteli nyingine ishirini na mbili. Hatuwezi kwenda kuwaambia kwamba tulichowauzia kina kasoro."

"Lakini kina kasoro."

"Kina mazoea, Lee. Watu watazoea."

"Kuna mama anafukuzwa Jumatano."

Terrence akainua kiganja, kama anayezuia gari. "Sikutaka kusikia hilo. Na wewe hukulisikia. Ulisaini karatasi ya siri, unakumbuka? Ukienda kule kusema neno, si kampuni tena, ni wewe na mawakili." Halafu akalainika. "Nakujua, wewe ni mtu wa timu. Mumeo anafanyiwa upasuaji mwezi wa tatu, si ndiyo? Mgongo? Bima yetu ni nzuri kwa migongo."

Alisema kwa upole kabisa. Ligaya aliendelea kuusikia ule upole mpaka jioni, kama unywele uliokwama kooni.

*

Jumanne, baada ya kazi, aligonga mlango wa jirani. Ukafunguliwa kiasi cha mnyororo.

"Umeniletea video?"

"Kesho nakuja kikaoni, Ate. Nitasema ni mimi niliyechora."

Jicho moja la Ate Sepa lilimpima juu mpaka chini. "Bosi wako kakuruhusu?"

"Hapana."

"Na mgongo wa Rodel?" Ate Sepa akatikisa kichwa. "Unadhani ukuta huu hausemi? Kila usiku namsikia akigeuka kitandani. Usije. Sitaki mgongo wa mtu shingoni mwangu. Nina mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, Delfina, tutapambana wenyewe. Kama ni kufukuzwa, nitafukuzwa nimesimama."

"Ate..."

"Nenda kapike. Mama Pacing ana njaa, namsikia pia."

Mlango ukafungwa mara ya pili.

Nyumbani, Rodel alikuwa amesimama, jambo ambalo halikuwa la kawaida saa zile, mkono mmoja ukutani na mwingine ukipiga pasi blauzi nyeupe ya mkewe.

"Unafanya nini wewe? Utaanguka!"

"Mimi ndiye niliyejisifu mbele ya watu kwamba ni kazi yako," alisema bila kuinua macho. "Nilipigiwa makofi kuliko wewe. Basi kesho nenda kaseme ni kazi yako."

"Bima, Rodel."

"Mgongo ni wangu. Nimeuuliza. Umesema uende." Akapindua kola. "Ila huu upande wa kushoto nimeuunguza kidogo."

Mama Pacing, ambaye huwa anajifanya hasikii, alisema kutoka jikoni: "Vaa sweta juu, haitaonekana."

*

Chumba cha kikao kilikuwa chini kabisa ya hoteli, jirani na dobi, na mashine za kufulia zilitetemesha ukuta. Meneja, Bi Whitlock, alikuwa na barua tatu mbele yake zimepangwa vizuri. Ate Sepa alikuwa amevaa gauni la kanisani, beji ya chama kifuani, mikono imekunjwa mapajani. Alipomwona Ligaya akiingia nyuma ya Delfina alifumba macho. Midomo yake ikasema bila sauti: mbishi wewe.

"Na huyu ni nani?" Bi Whitlock aliuliza.

"Shahidi wetu," alisema Delfina, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu sokoni.

"Mimi ndiye niliyechora skrini ya vishikwambi vyenu," Ligaya alisema. "Kampuni yangu haijanituma. Imenikataza."

Bi Whitlock akaweka kalamu chini.

"Nina ombi moja tu. Bi Whitlock, tafadhali andika kwamba chumba mia tisa kumi na nne kimekwisha."

"Mimi?"

"Wewe. Ila kama anavyofanya Bi Magtibay," Ligaya alisema, akimwelekezea mkono Ate Sepa.

Delfina, aliyekwisha kuelezwa na Ligaya mlangoni, alikuwa tayari. Alisukuma mlango wa dobi, akarudi na mataulo sita makubwa, yenye joto bado, akayapakia kwenye mkono wa kulia wa meneja mpaka yakamfika kidevuni. Kishikwambi akakitia mkono wa kushoto.

"Tembea mpaka mlangoni," Ligaya alisema. "Gusa Maliza ukiwa njiani. Una dakika moja, mgeni anasubiri."

Bi Whitlock alitabasamu kwa ustaarabu, akaanza kutembea. Maliza ilikuwa juu kulia. Alinyoosha kidole kutoka chini ya mataulo, kishikwambi kikayumba, na mkono wa kushoto ukafanya kile ambacho mkono wowote wa binadamu hufanya kitu kikitaka kuanguka. Ukakaza. Kikalia kengele.

*Karibu! Chumba 914: kimeachwa.*

"Sikuwa makini," alisema Bi Whitlock. "Ngoja."

Akarudia. Kengele. Mara ya tatu alijaribu kukibana kwa ncha za vidole, kama mtu anayebeba panya mfu, kikamponyoka. Ate Sepa alikidaka kabla hakijafika chini, bila hata kuinuka sawasawa.

"Mara tatu," alisema Ate Sepa. Alikifuta kioo kwa mkono wa gauni lake, akakiweka juu ya zile barua. "Mimi mnanifukuza kwa tatu. Wewe umemaliza zako kabla ya chai."

Delfina alikohoa ili asicheke.

"Lakini wengine wanawezaje?" Bi Whitlock aliuliza, uso umemwiva. "Wahudumu wengine hawana barua."

Ate Sepa akatazama dari. Alijua wanavyoweza. Kila toroli lilikuwa na kipande cha kadi na mpira, vilivyofichwa chini ya sabuni, na vilitolewa msimamizi akishageuka. Angekatwa ulimi kabla ya kusema.

"Hawawezi," Ligaya alisema. "Gusa hapo kwenye ripoti, ni ya hoteli yenu, si siri ya mtu. Chagua vyumba vilivyoachwa, hoteli nzima."

Meneja akagusa. Mwezi wa nane, walipokuwa wakijaribu mchoro wa kwanza kwenye ghorofa zote, vyumba tisa. Mwezi wa kumi, baada ya korongo kushuka, mia tatu na kumi na viwili.

"Wahudumu thelathini hawakuamka siku moja wakawa wavivu," Ligaya alisema. "Nembo ilishushwa mahali mkono unapopumzika. Hilo liliamuliwa na bosi wangu. Na nembo ikiguswa inafuta kazi. Hilo niliweka mimi, kwa mazoea, na sikulijaribu nikiwa nimebeba kitu. Mkitaka kuandika barua ya onyo, niandikieni. Jina langu nitawatajia herufi kwa herufi."

Mashine za dobi zilizunguka. Bi Whitlock alizikusanya zile barua tatu, akazigonga mezani zilingane, halafu hakujua aziweke wapi.

"Zitasimamishwa," alisema hatimaye. "Mpaka tuchunguze."

"Zitafutwa," alisema Delfina.

"Zitasimamishwa..."

"Rudia basi na mataulo," alisema Ate Sepa. "Nina muda. Nimevaa gauni."

Zikafutwa. Bi Whitlock aliandika neno hilo kwa mkono juu ya kila barua, akasaini mara tatu, na Delfina akasimama nyuma ya bega lake mpaka wino ukakauka. Ate Sepa alivua hereni zake za kanisani, akazitia kwenye pochi, akaenda kubadili nguo. Zamu yake ilianza saa sita, na vyumba kumi na vinne vilikuwa havijisafishi vyenyewe.

*

Simu ilimkuta Ligaya kwenye maegesho. Terrence hakupiga kelele. Hoteli ilikuwa imempigia yeye kwanza.

"Vitu vyako utaletewa kwa posta, Lee. Bima inaishia mwisho wa mwezi. Nasikitika."

"Kuna mambo mawili, uandike," Ligaya alisema. "La kwanza, njia ya nembo ilikuwa kosa langu, na kuishusha nembo kulikuwa kosa lako. Mimi langu nimelibeba. Lako limebaki hapo mezani kwako."

"Na la pili?"

"Naitwa Ligaya. Herufi sita. Terrence ina nane, na miaka sita yote sikushindwa kuitamka."

Akakata simu. Kisha akakaa garini akalia, dakika tano kwa saa, akajipenga kamasi kwa mkono wa sweta na kuwasha gari.

Alizunguka na gari mpaka jioni, na alipofika mtaani ukungu ulikuwa umeshuka kutoka baharini, umemeza nguzo za taa. Rodel na Mama Pacing walikuwa wamekaa kwenye ngazi na mablanketi mabegani, kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

"Ate Sepa?" Rodel aliuliza.

"Yuko kazini. Zimefutwa zote."

"Na wewe?"

"Nimefutwa pia."

Rodel akashusha pumzi ndefu. Alimtazama mkewe, akatazama barabara, akajigusa mgongo kwa nyuma kama anayembembeleza ng'ombe. "Basi utasubiri, mzee," aliuambia. "Umezoea."

"Nitatafuta kazi kuanzia kesho."

"Kesho ni kesho. Njoo ukae."

Walikaa hivyo wote watatu mpaka giza likaingia, Mzee Isko akijifanya anafuta gari lililokwisha kukauka. Ndipo Ate Sepa akatokea kwenye ukungu, akitembea kutoka kituoni, sare mwilini na gauni la kanisani ndani ya mfuko wa mkononi. Alipita mbele yao bila salamu. Akafungua mlango wake, akaingia, mlango ukafungwa.

"Haya," alisema Mama Pacing kwa huzuni. "Hata sasa."

Wakasikia vyungu. Ukuta ule ulikuwa hauwezi kuficha kitu: mfuniko ukianguka, moto ukiwashwa, samaki akitumbukia kwenye mchuzi wa ukwaju. Harufu chachu ikaanza kutoka. Rodel akameza mate kwa sauti. Mzee Isko aliacha kabisa kujifanya, akavuka barabara na kitambaa chake mkononi, akasimama hapo.

Nusu saa ikapita. Mlango ukafunguliwa wazi, mpaka ukagonga ukuta. Ate Sepa alisimama ameshika lile sinia la bati, safari hii limejaa keki ya unga wa mchele, mvuke ukipanda. Alilishika kwa mikono miwili na kitambaa, akalielekeza kwa Ligaya.

"Shika."

Ligaya akanyoosha mkono mmoja.

"Mikono miwili, mjinga wewe, ni la moto! Miaka yote hii unachora mikono ya watu, na yako hujui kuitumia?"

Ligaya akashika kwa miwili. Joto lilipenya kitambaa likamfika viganjani, na ghafla hakuweza kuona vizuri.

"Kuhusu Rodel," Ate Sepa alisema, akitazama pembeni. "Delfina ana binamu yake kwenye kliniki ya chama. Nimeshampigia. Mkitaka kunishukuru, nyamazeni." Akamwangalia Ligaya usoni, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Umekula?"

"Bado, Ate."

"Sasa mbona mmenisimamia hapo kama wadai? Mwinue mumeo taratibu. Mama Pacing, kiti chako kile cha dirishani. Na wewe Isko, futa miguu, na usiniletee maneno ya kuku mezani. Ingieni, ingieni wote, wali unapoa."